Bunduki haizuii maji: heroe wa Momella na hatima ya Natron

Kwenye meza za wauza nafaka katika soko la Kilombero jijini Arusha, kati ya debe la maharage na gunia la mahindi yaliyokobolewa, hukosi rundo dogo la mawe yenye rangi ya majivu. Ni magadi. Mpishi humegua kipande kisichozidi ukucha, akakitosa kwenye sufuria ya makande ili punje zilainike upesi na mkaa usiishe bure. Mfugaji huwawekea ng'ombe walambe. Wazee wa ugoro nao wanayo kazi yake. Chumvi hiyo ikiyeyuka na kujaa beseni lenye urefu wa kilomita zipatazo 57, huitwa Ziwa Natron, kaskazini mwa mkoa huu huu wa Arusha, mpakani na Kenya. Maji yake huchubua ngozi ya binadamu. Na hapo hapo, katikati ya magadi, ndipo wanapozaliwa takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, wale ndege wa waridi ambao waongoza watalii, na kwa kweli karibu kila mtu mjini, huwaita flamingo.

Wengi wa wakazi wa jiji waliowahi kumwona heroe kwa macho hawakumwona Natron, ambako safari yake ni ya vumbi na jua kali. Wamemwona Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mwendo mfupi wa gari kutoka Mnara wa Saa. Huko kuna maziwa saba yaliyopakana: Momella Mkubwa, Momella Mdogo, Rishateni, Kusare, Tulusia, Lekandiro na El Kekhotoito. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Mlima Meru uliporomoka, ukamwaga tope na mawe hadi mbali, na mashimo yaliyobaki kati ya vilima vya tope lile yakajaa maji yanayopenya chini kwa chini kutoka mlimani. Kila ziwa lina kipimo chake cha magadi, kwa hiyo kila moja lina mwani wake na rangi yake. Moja huonekana la kijani iliyokolea na jirani yake la buluu, ingawa unaweza kutembea kwa miguu kutoka hili hadi lile. Heroe hawatagi mayai hapa. Momella ni mkahawa wao, kama yalivyo maziwa ya Manyara, Nakuru na Bogoria. Leo wapo kwa maelfu, wiki ijayo hakuna hata unyoya.

Ninachodai ni hiki. Mfumo wetu wa kuhifadhi wanyama ulijengwa ili kumzuia mtu mwenye bunduki, na kwa adui huyo ulikuwa na mantiki: chora mpaka, weka geti, ajiri askari, mkamate jangili. Heroe wa Momella hana ugomvi na mtu mwenye bunduki. Kinachomtishia ni maji: kiasi chake, chumvi yake, tope lililomo na msimu yanaokuja. Maji hayasimami getini. Kwa hiyo ndege huyu anaweza kulindwa kikamilifu kwa sheria zote za hifadhi na bado akapotea, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria yoyote.

Ili kuona jinsi fikra ya bunduki ilivyotukaa, angalia historia ya eneo lenyewe. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967, baada ya kuongezwa Kreta ya Meru, ikapewa jina la Arusha. Katikati ya miaka hiyo miwili, Septemba 1961, wataalamu wa uhifadhi barani Afrika walikutana mjini hapa, na Mwalimu Julius Nyerere akatoa tamko ambalo hadi leo linatajwa kama msingi wa uhifadhi wa Tanzania. Momella yenyewe ilikuwa shamba la mwindaji mashuhuri, Margarete Trappe, na filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na John Wayne, ilipigwa katika maeneo haya ikisimulia watu wanaokamata wanyama pori wawauze kwenye bustani za wanyama. Hapo tembo, faru na nyati ndio waliokuwa uhifadhi. Na hata kwa kipimo hicho tulianguka: faru weusi waliokuwa wakionekana kandokando ya Ngurdoto walimalizwa na majangili, hawapo tena. Funzo lililobaki vichwani likawa la askari zaidi, silaha zaidi, doria zaidi. Kwa faru lilikuwa funzo sahihi.

Heroe hakuwa sehemu ya hesabu hiyo kwa sababu hakuna aliyemtaka. Warumi wa kale walisifika kwa kula ulimi wake, lakini Bonde la Ufa halijawahi kuwa na soko la nyama ya heroe. Hata kuzunguka Natron, ambako uwindaji wa kitalii hufanyika kwa leseni ndani ya vitalu, mwindaji hamfuati heroe. Ukihesabu hatari kwa idadi ya risasi, huyu ni ndege salama kuliko swala.

Dunia imekwisha kuliona jambo hili kwa mnyama wa mbali kabisa na sisi: sili, yule mnyama wa baharini mwenye manyoya anayepanda juu ya barafu. Kwa miaka mingi mapambano ya kumlinda sili yalikuwa dhidi ya rungu la mwindaji. Watoto weupe wa sili wa Kanada walichunwa kwa ajili ya ngozi zao hadi Jumuiya ya Ulaya ilipopiga marufuku kuingiza ngozi hizo mwaka 1983. Kanada ikazuia uwindaji wa kibiashara wa watoto hao mwaka 1987, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukafunga soko la karibu bidhaa zote za sili. Ulikuwa ushindi wa kweli. Katika bahari ya Karibiani ushindi kama huo haukufika kwa wakati: sili wa huko hakuonekana tena kwa uhakika baada ya 1952, na mwaka 2008 Marekani ikatangaza kwamba ametoweka. Lakini sili aliyeokolewa kutoka kwenye rungu anahitaji pia barafu ya kuzalia. Mtoto wa sili wa Kanada hunyonya kwa siku zipatazo 12 tu, akiwa amelala juu ya barafu inayoelea, na katika siku hizo 12 barafu ikivunjika mapema, mtoto huzama. Hakuna mwindaji wa kukamatwa. Nchini Finland, katika Ziwa Saimaa, wanaishi sili mia chache wa maji baridi ambao jike huzalia ndani ya pango la theluji ufukweni. Majira ya baridi yakija bila theluji ya kutosha, wahifadhi na wananchi wa kujitolea huchukua makoleo wakamrundikia. Uhifadhi wa huko umefika hapo: koleo badala ya bunduki.

Sisi hatuna sili katika Bahari ya Hindi yetu. Tunaye nguva, aliyebaki kwa idadi ndogo mno kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na ambaye siku hizi hufa zaidi kwa kunaswa kwenye jarife lililotegwa kwa ajili ya papa na taa kuliko kwa kuwindwa. Naye anastahili makala yake. Lakini anayefanana na mtoto wa sili kuliko wote, kwa jinsi anavyozaliwa, ni kifaranga wa heroe.

Heroe hujenga kiota cha tope la magadi kinachofanana na ndoo ndogo iliyopinduliwa, juu kina kishimo kama kisahani, na katika kishimo hicho hutaga yai moja. Viota hupangwa kwa maelfu juu ya tope katikati ya ziwa, kilomita nyingi kutoka ukingoni, ambako joto na magadi humfukuza kila mwenye miguu. Mtafiti Leslie Brown, aliyegundua kutoka kwenye ndege mwaka 1954 kwamba heroe huzaliana Natron, alijaribu baadaye kuvifikia viota kwa miguu. Tope lilimmeza hadi magotini, magadi yakamuunguza, na nusura apoteze miguu. Kinga ya kifaranga ndiyo hiyo. Maji yakishuka mno, tope hukauka na kuwa njia, fisi na mbweha wakaingia. Yakipanda mno, hata kwa kimo cha mkono, viota huzama. Kati ya mbili hizo pana nafasi finyu ya kina na ya muda: yai hukaa takriban siku 28, kisha kifaranga anahitaji majuma mengine mengi kabla mbawa zake hazijamchukua. Natron halizidi kina cha mita tatu, kwa hiyo mvua ya msimu mmoja huweza kubadilisha kila kitu.

Ilitokea mwaka 1962. Natron lilifurika, heroe wakahamia Ziwa Magadi, Kenya, wakataga huko kwa mamia ya maelfu. Maji ya Magadi yalikuwa na chumvi iliyozidi, na magadi yakaanza kuganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu za jiwe, kifaranga akashindwa kutembea akafa kiu mahali alipo. Watu waliingia ziwani, wakamshika kifaranga mmoja mmoja na kuvunja pingu hizo kwa kugonga taratibu, na wakafanikiwa kuokoa maelfu. Nataja tukio hilo kwa sababu linajibu mapema hoja ambayo ni maarufu kuliko zote, kwamba ndege ana mabawa, mahali pakiharibika ataruka aende kwingine. Heroe aliruka, akaenda kwingine, na huko kwingine pakawaua watoto wake. Duniani kote sehemu ambazo heroe mdogo huzalia kwa kawaida zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: Natron, Etosha ya Namibia, Makgadikgadi ya Botswana, bwawa la Kamfers la Afrika Kusini hadi miaka ya karibuni, na uwanda wa chumvi wa Kutch nchini India. Katika Afrika Mashariki inayotegemewa ni moja.

Mabawa hayo pia hayatatui tatizo la chakula. Mdomo wa heroe mdogo umeumbwa kuchuja mwani wa rangi ya kijani-buluu unaoota vizuri katika maji yenye magadi. Huuinamisha juu chini, akavuta maji na kuyasukuma nje kwa ulimi, mwani ukabaki kwenye vichujio vyembamba ndani. Mwani huo ndio humpa rangi yake ya waridi. Maji ya mvua na mito yakizidi, magadi huzimuliwa, mwani ukapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulifuatilia kwa picha za setilaiti maziwa ya magadi 22 ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka 20, ukaonyesha chakula cha heroe kikipungua kadiri maziwa yanavyopanda. Eneo la Ziwa Nakuru liliongezeka kwa karibu asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, huku kipimo cha mwani wake kikishuka hadi nusu. Aliyezoea kusikia mabadiliko ya tabianchi yakizungumzwa kama ukame atashangaa: hapa ndege anashinda njaa kwa sababu ziwa limejaa.

Momella nayo imewahi kupiga kengele. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi katika Ziwa Manyara na Momella Mkubwa kwa kipindi kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichunguza maji na mizoga, wakaeleza kwamba huenda sumu ya mwani uliofumuka ghafla ndiyo iliyowaua. Waliandika kwa tahadhari, na mimi sitaongeza uhakika ambao wao hawakuudai. Lakini maana yake kwa hoja yetu iko wazi. Ziwa liko ndani ya hifadhi ya taifa, geti linafungwa jioni, askari wapo, na bado ndege walikufa kwa kitu kilichokuwa ndani ya maji.

Maji hayo hayo tunayanywa. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake hutoa floridi nyingi. Mto wa Ngare Nanyuki, visima vya Oldonyosambu na chemchemi nyingi za kaskazini na mashariki mwa mlima vimewapa vizazi vya watoto meno ya kahawia, alama ambayo ukienda chuo Dar es Salaam wenzako huitambua kabla hujataja kwenu. Maziwa ya Momella yamepimwa na kukutwa na floridi ya mamia ya miligramu kwa lita, wakati kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ni 1.5. Pale Ngurdoto, jirani kabisa na hifadhi, kuna kituo cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichoma mifupa ya ng'ombe hadi iwe mkaa mweusi, kuisaga chengachenga na kuijaza kwenye ndoo za kuchujia floridi. Ndoo hiyo ya mifupa na heroe wa Momella ni kisa kimoja. Msitu wa Meru ukikatwa, maji ya mvua hayapenyi taratibu, hukimbia juu juu na tope lake. Visima vikiongezeka bila hesabu kwa ajili ya mashamba ya nyanya na hoteli, maji yanayolisha maziwa hupungua na yaliyobaki huzidi makali. Mwenye kuyafuatilia maji ya Meru kwa ajili ya meno ya watoto tayari ana nusu ya takwimu anazozihitaji mhifadhi. Sioni kwa nini wakae kwenye ofisi mbili zisizosalimiana.

Hapo huja hoja ya pili, na ina uzito: mvua si yetu. Kiwanda cha Arusha hakikuipasha joto Bahari ya Hindi, na hata tukipanda miti kila Jumamosi, mvua kama zile za mwishoni mwa 2019 zitakuja zikitaka. Kweli kabisa. Lakini kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa hakukuletwa na mvua peke yake. Mvua ileile ikinyesha juu ya msitu na ikinyesha juu ya ardhi iliyo uchi haileti mto mmoja. Mto mkubwa unaoingia Natron ni Ewaso Ng'iro ya Kusini, ambao huanzia kwenye misitu ya Mau, Kenya, ukapita Narok na kwenye kinamasi cha Shompole kabla ya kufika kwetu. Sehemu kubwa ya Mau imefyekwa kwa mashamba katika miongo iliyopita. Udongo wake hauna pasipoti. Unavuka mpaka na kushuka ziwani. Kwa mvua hatuna amri, ila msitu una wenyewe, mto una wenyewe, na bwawa la umeme likitaka kujengwa juu ya mto huo lina wizara inayolipitisha. Ndege anayeweza kuishi miongo kadhaa, kama heroe, huvumilia miaka mibaya kadhaa ya mvua mradi iliyobaki iwe mizuri. Asichovumilia ni miaka yote kugeuka mibaya kwa kazi ya mikono yetu ikiongezewa juu ya kazi ya mbingu.

Hoja ya tatu ni ya ajira. Magadi ni fedha: hutengenezewa kioo, sabuni na karatasi, na Tanzania huagiza nje bidhaa ambayo inayo nyumbani. Mwaka 2006 uliletwa mpango wa kujenga kiwanda Natron ambacho kingetoa tani 500,000 za magadi kwa mwaka, kwa ushirikiano wa Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Tata Chemicals ya India. Baada ya kelele za wahifadhi na wanakijiji, Tata ikajitoa mwaka 2008, ingawa wazo lenyewe limekuwa likifufuka kila baada ya muda. Wanaolitetea huonyesha Magadi ya Kenya, ambako kiwanda kimefanya kazi kwa zaidi ya karne na heroe bado wanaonekana. Hoja hiyo inasahau tofauti ya kula na kuzaa. Heroe hula Magadi; hazalii huko, isipokuwa ule mwaka wa pingu. Wala si lazima tuchague kati ya kioo na kifaranga. Magadi mengi yamegunduliwa chini ya ardhi katika bonde la Engaruka, wilayani Monduli, mkoa huu huu, na shirika lilelile la serikali ndilo linalouendeleza mradi huo. Huko heroe hawazalii, ingawa kuna wafugaji wanaostahili kusikilizwa na mabaki ya mifereji ya kale ya umwagiliaji ambayo hayana mfano. Mradi wa Engaruka uhojiwe kwa vigezo vyake. Lakini mradi huo ukiwapo, kauli kwamba nchi itakosa magadi tusipoichimba Natron haina miguu ya kusimamia.

Hoja ya nne ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa msingi wake ni kumbukumbu. Kila wanapotajiwa uhifadhi, watu wa Meru na Wamaasai husikia neno hama. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru takriban 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, jirani na maziwa haya haya ya Momella, ili kuwapa ardhi walowezi wa Kizungu. Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Shauri hilo halikuwa la hifadhi ya wanyama, lakini aliyefukuzwa hakumbuki tofauti hiyo. Na mgogoro wa ardhi wa Loliondo na Ngorongoro wa miaka ya karibuni haujapoa hata kidogo. Mtu akiuliza kama kumlinda heroe ni kisingizio kipya cha mpaka mpya, swali lake ni halali.

Jibu langu ni kwamba kulinda maji kunaelekea upande ulio kinyume na kuhamisha watu. Natron ni Eneo la Ramsar tangu mwaka 2001, hadhi ambayo haimfukuzi mtu wala haikatazi malisho. Inaitaka nchi itumie ardhi oevu kwa namna ambayo haiharibu uhai wake. Ng'ombe wa Mmaasai wa Engaresero hamkanyagi kifaranga wa heroe, kwa sababu ng'ombe hana akili mbovu ya kuingia kwenye tope lililomuunguza Leslie Brown. Jamii zimeishi ukingoni mwa ziwa hilo na ndege wakazaliana. Wanaoweza kuwaumiza ndege ni wale wanaobadilisha maji yenyewe, nao kwa kawaida huwa na mtaji, vibali na makao mbali sana na ziwa. Uhifadhi wa maji, ukifanywa kwa uaminifu, ungemhoji mwenye mradi kabla ya kumhoji mwenye ng'ombe. Kama utageuzwa kuwa kitu kingine, basi kosa litakuwa la waliougeuza, na watu wa Ngare Nanyuki watakuwa wa kwanza kulitambua.

Na kwa shauri linalovuka mpaka, Arusha ina kitu ambacho miji mingine haina. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hapa, na Mahakama yake iko hapa. Juni 2014 mahakama hiyo iliamua kesi ya barabara iliyopendekezwa kupita kaskazini mwa Serengeti, ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupitia eneo hilo kwa sababu ingekiuka wajibu wa nchi wanachama chini ya Mkataba wa Jumuiya katika kutunza mazingira wanayoyashiriki. Nyumbu wa Serengeti huhamia Maasai Mara, na majaji waliona kwamba hilo halimo mikononi mwa nchi moja. Heroe anayekula Nakuru, akazaa Natron na kupumzika Momella yuko kwenye hali ileile, tena zaidi, na safari hii mto ndio unaotoka Kenya kuja kwetu, kwa hiyo sisi tungekuwa upande wa mlalamikaji. Sisemi tukimbilie mahakamani kesho. Nasema nchi mbili zinazojua kwamba mlango wa mahakama uko wazi huwa na mazungumzo ya adabu zaidi kuhusu mabwawa na misitu.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato, ya kutengeneza visiwa. Katika bwawa la Kamfers, Kimberley, kisiwa cha kutengenezwa kilijengwa mwaka 2006 na heroe wakakikubali, wakazaa. Kisha Januari 2019 bwawa likapungua maji, ndege wakaviacha viota, na vifaranga wapatao 2,000 ikabidi wabebwe na kulelewa kwa mikono. Kilichokosekana hapo ni maji. Kwa Natron, lenye tope hilo na ukubwa huo, sidhani hata kama kuna mkandarasi ambaye angetoka na buti zake.

Kuna la rahisi zaidi ambalo halingojei mkutano wa nchi mbili. Heroe husafiri usiku, kwa makundi, chini chini, na hawezi kukwepa waya asiouona. Laini kubwa ya umeme ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Babati na Arusha kwenda Isinya, Kenya, inakatiza kwenye ukanda ambao ndege hawa huvuka wanapokwenda na kurudi kati ya Manyara, Momella na Natron. Vipo vifaa vidogo vya kuning'inizwa kwenye nyaya, vinavyozunguka na kung'aa, ambavyo mashirika ya umeme katika nchi nyingine huvitumia ili ndege waone waya kwa mbali. Vinawekwa na fundi yuleyule anayepanda nguzo kukagua vikombe. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori iko Njiro, makao makuu ya hifadhi za taifa yako hapa hapa mjini, na ofisi za umeme za mkoa hazipo mbali na zote mbili. Ramani ya njia za ndege na ramani ya nguzo zinaweza kutandazwa juu ya meza moja asubuhi moja, kabla mvua za vuli hazijaanza na makundi hayajarudi.